Mgomo wa wahudumu wa ndege Kanada: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Mtwara, na majibu yake

Nauza tiketi mjini Mtwara, na tangu ule mgomo wa Air Canada wa Agosti 2025 watu hawajaacha kuniuliza, wengine wana ndugu Toronto, wengine wana mabinti wanaotaka kazi ya ndege, na wengine ni wafanyakazi wa bandarini na viwandani wanataka tu kujua wenzao walidai nini na walidai kwa njia gani. Nimeamua niyaandike yote sehemu moja. Ni marefu, kama una haraka ruka mpaka swali lako.

Kwani ilikuaje hasa?

Wahudumu wa ndege wa Air Canada, zaidi ya 10,000, wako kwenye chama cha wafanyakazi kinaitwa CUPE. Mkataba wao wa hali bora (ule ambao chama kinasaini na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote) ulikuwa wa miaka 10, uliisha 31 Machi 2025. Mazungumzo ya mkataba mpya yakakwama, wakapiga kura ya mgomo, asilimia 99.7 wakasema ndio. Tarehe 13 Agosti chama kikatoa notisi ya saa 72, kampuni nayo ikajibu kwa notisi ya kuwafungia nje, yaani kuwazuia wasiingie kazini, na usiku wa manane kuamkia tarehe 16 mgomo ukaanza. Shirika lile linabeba abiria kama 130,000 kwa siku kwahiyo hebu piga picha mwenyewe viwanja vilivyokuwa.

Walikuwa wanadai nini? Si tunasikia hao watu wanalipwa vizuri?

Hapa ndo penyewe. Mishahara walidai ndio, ila kilichowachoma zaidi ni saa ambazo hazilipwi.

Kwenye mashirika mengi ya Kanada na Marekani mhudumu alikuwa analipwa kwa saa za ndege kutembea. Yaani mlango ukishafungwa na ndege ikaanza kusogea ndo saa inaanza kuhesabu, ikifika ikasimama kwenye maegesho, saa inasimama. Kabla ya hapo na baada ya hapo, hamna kitu, au kuna posho kidogo ambayo sio mshahara.

Sasa hebu nenda pale uwanjani kwetu siku ndege inapotoka Dar uangalie. Abiria wakishashuka, wale wadada na wakaka hawakai. Wanapita siti kwa siti wanatoa chupa na karatasi kwenye mifuko ya viti, wanaikunja mikanda vizuri, wanaangalia kama maboya na mitungi ya oksijeni viko mahali pake, halafu kundi lingine linapanda. Na abiria wetu mnawajua, kila mtu ana boksi la korosho analopeleka Dar, mwingine ana ndoo imezungushiwa gundi ya karatasi mara nne na harufu ya samaki mkavu inatangulia, wote wanataka kabati la juu, kabati halitoshi, anayetakiwa kutatua ule ugomvi bila kupandisha sauti ni mhudumu. Kuna mama na mtoto mchanga, kuna mzee anapelekwa Muhimbili anahitaji kushikwa mkono ngazi mpaka kiti. Hiyo ndo sehemu ngumu kuliko zote za kazi yao, kule juu hewani ni juisi na karanga tu siku ikiwa nzuri, na hiyo ngumu ndo kule Kanada ilikuwa haihesabiwi. Sisemi mashirika ya hapa kwetu yanalipa hivyo, kila shirika lina mkataba wake, nakuonyesha kazi tu.

Hesabu yake ikoje? Nipe kwa namba.

Tuchukulie safari ya Dar–Mtwara–Dar ingelipwa kwa ule mtindo. Mhudumu anaripoti saa nzima kabla. Anaruka kama saa moja. Mtwara ndege inakaa dakika 40. Anaruka saa moja kurudi. Akifika anabaki dakika 20 mpaka abiria wote washuke na makaratasi yaishe. Jumla saa 4 yuko kazini na yunifomu mwilini, zinazolipwa ni saa 2.

Na uone kwamba safari zikiwa fupi fupi ndo anaumia zaidi, maana muda wa chini, yaani ndege ikiwa ardhini, ni uleule hata kama unaenda karibu. Anayeruka Toronto mpaka London anapata saa nyingi za malipo, anayeruka vipande vinne kwa siku anashinda kazini halafu saa zake za malipo ni chache. CUPE kwa hesabu yao walisema mhudumu wa Kanada anafanya wastani wa saa 35 kwa mwezi bila malipo.

Wabeba magunia wa maghala ya korosho hii wanaielewa bila kufundishwa, unaitwa saa 12 asubuhi, lori linakuja saa 8 mchana, unalipwa kwa gunia, kule kusubiri ni kwako na njaa yako.

Kampuni nayo ilisemaje? Usitupe upande mmoja.

Sawa. Air Canada walisema wameweka mezani ongezeko la asilimia 38 kwa miaka minne ukijumlisha kila kitu, mshahara na mafao na pensheni, na asilimia 25 ya hiyo mwaka wa kwanza. Pia walikubali kulipa kiasi muda wa chini. Hoja yao ya zamani, na sio yao peke yao, ni kwamba malipo ya saa ya hewani yamewekwa makubwa makusudi ili yafidie ule muda mwingine. Ni hoja, sio ya kijinga. Ila chama kikajibu kwamba ukichambua hiyo 38, mshahara wenyewe mwaka wa kwanza ni asilimia 8 tu, na bei za vitu zimeshakula zaidi ya hapo katika ile miaka 10.

Halafu kuna kitu watu hawakukisema kwa sauti sana ila kilikuwepo: marubani wa shirika hilohilo mwaka 2024 walipata karibu asilimia 42 kwa miaka minne. Marubani wengi ni wanaume. Wahudumu, kwa maneno ya chama chao, asilimia kama 70 ni wanawake. Mi naona hapo ndo hasira ilipopata kuni.

Serikali iliingilia kweli?

Tena haraka. Haikupita hata nusu siku. Waziri wa ajira, Patty Hajdu, akatumia kifungu cha 107 cha sheria ya kazi ya Kanada, akaiagiza bodi ya mahusiano kazini iwarudishe watu kazini na mgogoro uende kwa mwamuzi ambaye uamuzi wake unazifunga pande zote mbili. Kifungu hicho walikuwa wameshakitumia 2024 kwa wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa posta, kwahiyo vyama vilikuwa vimechoka nacho.

Unajua kwanini kinachosha? Kwasababu mwajiri akijua serikali itaingia siku ya kwanza, ana haja gani ya kukaa mezani na kutoa kitu? Anasubiri tu.

Wakarudi?

Hawakurudi! Chama kikasema hatuendi. Tarehe 18 bodi ikatangaza mgomo sio halali na ikawapa mpaka saa sita mchana, bado wakabaki nje, rais wa CUPE, Mark Hancock, akasema kama ni jela yuko tayari kwenda. Usiku huohuo wakakaa mezani na msuluhishi, na alfajiri ya tarehe 19 makubaliano yakapatikana. Ndege zikaanza kuruka jioni ile, ila kurudi kawaida kulichukua wiki na zaidi maana ndege na makruu (marubani na wahudumu) walikuwa wametawanyika dunia nzima.

Jela hakwenda mtu.

Walipata nini sasa?

Muda wa chini unalipwa. Dakika 60 kabla ya kuruka kwa ndege ndogo zenye njia moja ya katikati, dakika 70 kwa zile kubwa, kwa nusu ya kiwango cha saa, na hiyo nusu inapanda asilimia 5 kila mwaka. Rudi kwenye mfano wetu wa Dar–Mtwara: anaondoka mara mbili, kila mara anapata nusu saa ya malipo, kwahiyo zile saa 2 zinakuwa 3 kati ya 4. Bado moja iko hewani (samahani, iko chini).

Mshahara ulikuwa uongezwe asilimia 12 mwaka wa kwanza kwa wenye miaka mitano au pungufu kazini, na asilimia 8 kwa wakongwe. Sehemu hiyo ya mshahara ndo ikapelekwa kwa wanachama waipigie kura, na Septemba wakaikataa kwa asilimia 99.1.

Asilimia 99 wamekataa, mbona hawakugoma tena?

Kwasababu walishakubaliana kabla ya kura kwamba ikikataliwa hakuna mgomo wala kufungiana nje, sehemu ya mshahara inaenda usuluhishi, ikishindikana inaenda kwa mwamuzi. Mengine yote ya mkataba yakabaki. Kwahiyo ile kura ilikuwa ya kusema tu, na wakasema.

Kampuni kwa upande wake ilitangaza baadae kwamba mgomo umewagharimu kama dola milioni 375 za Kanada, na safari zaidi ya 3,000 zilifutwa. Siku tatu hizo.

Ni Kanada peke yake?

Hapana. Marekani Delta walianza kulipa muda wa abiria kupanda mwaka 2022, kwa nusu ya kiwango, na ujue Delta wahudumu wao hawana chama, wengi wanaamini kampuni ilitoa ili wasije wakaanzisha. American wakaingiza kwenye mkataba 2024. United Julai 2025 wahudumu walikataa mkataba waliopelekewa kwa asilimia 71, japo ulikuwa na ongezeko kubwa tu.

Uingereza kuna kesi ya British Airways nayoipenda kuielezea maana ina funzo la makaratasi. Mwishoni mwa 2009 kampuni ilipunguza wahudumu kwenye safari ndefu za Heathrow kutoka 15 kwenda 14 kwa ndege, chama kikapiga kura, asilimia 92 wakakubali kugoma siku 12 za Krismasi. Mahakama ikausimamisha mgomo. Kwanini? Karatasi za kura zilipelekwa hadi kwa watu waliokuwa wanaacha kazi. Wakaanza kura upya, wakagoma 2010 siku 22 kwa vipande, kampuni ikawanyang'anya waliogoma tiketi zao za punguzo, na mgogoro ukaja kuisha 2011 bosi mpya alipoingia, tiketi zikarudishwa.

Jirani hapo Kenya mnakumbuka Novemba 2022, ila wale walikuwa marubani wa Kenya Airways (KQ), sio wahudumu. Siku chache mahakama ikawarudisha kazini.

Mi nina tiketi ya Ethiopian kwenda Kanada, mgomo kama ule unanihusu vipi?

Angalia tiketi yako vipande vyote, usiangalie kile cha kwanza tu. Ethiopian anakutoa Dar mpaka Addis mpaka Toronto kwa ndege yake mwenyewe. Ila kama unaendelea Edmonton au Halifax, kipande cha mwisho mara nyingi kinaendeshwa na Air Canada, maana wote wako Star Alliance, ule umoja wa mashirika ya ndege, na wanauziana siti. Kwenye tiketi utaona maandishi madogo ya nani anaendesha safari. Ndo hayo ya kusoma.

Kama vipande vyote viko kwenye tiketi moja, shirika lililotoa tiketi lina wajibu wa kukufikisha mwisho. Kama ulinunua mbili tofauti kwasababu uliona rahisi mtandaoni, wa kwanza anakushusha Toronto anakuambia karibu tena. Tafadhali jamani, tofauti ya laki mbili isikulaze Pearson, kiwanja cha Toronto, na baridi ile.

Safari ikikanseliwa kwa mgomo nadai nini?

Inategemea uko wapi. Kanada kanuni zao zinahesabu mgomo kama jambo lililo nje ya uwezo wa shirika, kwahiyo fidia ya usumbufu hupati, ila lazima wakutafutie safari nyingine, na kama ndani ya saa 48 hawana, unachagua rifandi (kurudishiwa hela) au wakupangie safari nyingine. Ulaya ni kali zaidi, mahakama yao kuu ilisema Machi 2021 kwenye kesi ya SAS, shirika la ndege la Skandinavia, kwamba mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe wa kudai mshahara sio dharura, shirika linalipa fidia.

Kwetu msimamizi ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuna baraza la watumiaji wa usafiri wa anga linaitwa TCAA-CCC, malalamiko yanapokelewa. Anza na shirika kwanza kwa maandishi. Risiti za hoteli na chakula tunza, na ujumbe wa simu uliotumiwa kwamba safari imefutwa usiufute, watu wanafuta halafu wanakuja kwangu mikono mitupu.

Hapa Tanzania wahudumu wa ndege wanaruhusiwa kugoma?

Swali zuri na majibu ya kijiweni mengi sio sahihi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Kuna huduma zimetajwa kuwa ni za lazima ambazo hazigomi: maji na usafi, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, na waongoza ndege pamoja na mawasiliano ya usafiri wa anga, na usafiri unaohitajika kuziendesha hizo. Mhudumu anayekugawia juisi hayumo kwenye orodha hiyo. Anayeongea na rubani kutoka mnarani ndo yumo.

Ila haki ipo na ngazi zake zipo. Mgogoro uwe wa maslahi, yaani mnadai kitu kipya kama nyongeza, maana kama mnadai kilichopo tayari kwenye mkataba au sheria hiyo ni kesi, unaenda kuamuliwa na hamna kugoma. Mnaupeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Msuluhishi ana siku 30. Ikishindikana, chama kinaitisha kura kwa katiba yake, wengi wakikubali mnatoa notisi ya saa 48 kwa mwajiri. Ndo mnatoka. Ukiruka ngazi moja hapo, mgomo sio halali na ulinzi wa sheria umekwisha, na mkumbuke British Airways walivyokwama kwa karatasi za kura tu.

Na kama mko ndani ya mkataba wa hali bora ambao tayari umeshughulikia hilo jambo mnalodai, hamgomi mpaka uishe.

Nikigoma kihalali nafukuzwa? Nalipwa?

Hufukuzwi kwa kugoma. Kulipwa hulipwi, mwajiri halazimiki. Mwajiri naye haruhusiwi kuleta watu wa kushika nafasi zenu wakati mgomo ni halali. Nanyi hamruhusiwi kusimama getini na mabango kuzuia, wala kumfungia bosi ndani ya ofisi. Hiyo ya kusimama getini inawashangaza watu kwasababu picha zote za Kanada waliziona wako nje ya kiwanja na mabango, kule ruksa, huku sheria imekataza.

Kuunda chama tunahitaji wangapi?

Ishirini. Ila ili mwajiri alazimike kukaa nanyi mezani lazima muwe na wanachama wengi zaidi ya nusu kwenye kundi mnaloliwakilisha. Kwa sekta ya uchukuzi tayari kipo chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, COTWU(T), huna haja ya kuanzisha kingine ukiwa na hasira.

Ndege zikisimama sisi wa Mtwara na Lindi tunafanyaje?

Basi. Kilomita kama 560 mpaka Dar, unashinda njiani. Lindi wana uwanja wao Kikwetu ila mtu wa Lindi akitaka ndege ya abiria anakuja Mtwara, kwahiyo ndege za hapa zikisimama mikoa miwili imesimama. Na barabara yenyewe mnaijua, Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata Somanga watu wakalala njiani na wagonjwa wao. Ndo maana nikisikia mtu anasema wahudumu wakigoma shauri yao namshangaa, huku kwetu ndege sio anasa ya wenye suti. Mwezi wa kumi na moja msimu wa korosho umechanganya siti zinagombaniwa, mgomo wa siku tatu kipindi kile ungeuona hata sokoni.

Lakini pia isiwe sababu ya kuwanyima haki yao, maana wakati wowote watakaogoma kuna abiria ataumia, haipo siku ya mgomo isiyo na abiria.

Binti yangu kamaliza form six anataka kazi hiyo, nimkataze?

Usimkataze mama. Ni kazi ya usalama, sio ya urembo kama wanavyoichukulia, ndege yenye siti 76 inatakiwa na wahudumu wawili kwasababu kanuni inahesabu mmoja kwa kila siti 50, kwa ajili ya kuwatoa watu moto ukitokea. Chai ni ya ziada.

Akipata ofa mwambie asisaini siku hiyohiyo. Aulize mshahara wa msingi ni shilingi ngapi hata kama mwezi huo hajaruka. Saa ya malipo inaanza kuhesabiwa lini, anaporipoti au mlango unapofungwa? Siku ya akiba, ile ya kukaa nyumbani na simu mkononi umevaa nusu yunifomu, inalipwa? Ndege ikilala mkoani, hoteli na chakula ni vya nani? Gharama ya mafunzo, akiacha kazi kabla ya muda anarudisha kiasi gani, maana hapo wengi wamefungwa miaka miwili mitatu bila kujua. Na kama kuna mkataba wa hali bora, aombe nakala. Wakisema haupo, au upo ila haonyeshwi, aje nao ule wa ajira ofisini kwangu tuusome pamoja, au aende CMA pale mjini, kuuliza ni bure.